Kioo Alichosaga Mama

Juzi vijana wa barabara walikuwa wakichemsha lami chini ya dirisha langu, ikanibidi niketi. Mjukuu wangu alidhani moshi umenikaba, akafunga dirisha na kuniletea maji. Nikayanywa, maana hakuna njia fupi ya kumweleza mtoto wa siku hizi kwamba harufu ya lami, kwangu mimi, ni harufu ya mama. Mama zenu walinukia sabuni, au maziwa, au moshi wa jikoni. Wangu, katika msimu wa mwisho niliokaa naye, alinukia lami, na viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa unga usiotoka hata kwa majivu. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa rika langu waliokulia kwenye milima ile ya Masisi, wasiohitaji kuelezwa ukungu ni nini wala shamba la lazima lilikuwa nini.

Kwetu tulikuwa wakulima, Wakristo tangu kwa babu, maharagi juu kilimani na muhogo chini karibu na mto. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alilima kwa kushoto, alikula kwa kushoto, na Koko, mama yake, alikuwa bado anamgombeza kwa hilo hata alipokuwa na ndevu. Kosa lake lilikuwa dogo. Kwenye shamba la lazima, lililopimwa kwa zao la serikali, yeye alipanda maharagi, kwa sababu, alisema, hajaona mtoto aliyeshiba zao la serikali. Wakaja askari wakamchukua pamoja na wanaume wengine wa kilima chetu, wakaenda kukata barabara ya kushuka Ntoto kuelekea Walikale.

Kifungo kilikuwa kifupi, au ndivyo tulivyoambiwa. Mvua zikaisha, wenzake wakarudi wamekonda, yeye hakurudi. Waliorudi walisema kilima kilikuwa kimeporomoka juu ya watu. Wengine walifukuliwa, wengine waliachwa humo humo. Baba je? Walikuwa wamegawanywa makundi kabla ya siku hiyo, hawakujua. Mama alikwenda kwa chefu aliyetutawala, akaambiwa wafungwa hawaitwi majina kule. Akajaribu kuvuka bonde kwenda kujionea mwenyewe, bila karatasi ya njia, yaani kibali cha kusafiri, akarudishwa na mistari ya kiboko mgongoni. Tangu hapo akawa anasimama nyuma ya nyumba kila asubuhi akitazama ng'ambo, ambako barabara ilionekana juu ya kilima kama mkwaruzo mwekundu. Watu walikuwa pale, hilo tulilijua, lakini kwa macho matupu ulikuwa mkwaruzo tu.

Baba mdogo, mdogo wake Baba, alikuja jioni moja akakaa kwenye kiti cha kaka yake, jambo ambalo Mama aliliona na mimi nikaliona.

“Mama Sifa,” alisema, “bintu bya namna hii habiwezi kukaa bule. Tukimaliza kuvuna maharagi, tutazima moto.”

Kwa wasiotoka kwetu nitaeleza. Mtu akifia mbali na mwili usirudi, ndugu hukutana nyumbani kwake, moto wa jikoni huzimwa kwa maji, mkewe hunyolewa, na watu hulia. Baada ya hapo shamba lake hugawanywa. Na aliyezimiwa moto ni marehemu. Hata kama angetokea kesho mlangoni akiwa na miguu yake miwili, hakuna ambaye angemfungulia, kwa kuwa anayetembea baada ya kuliliwa si mtu wa kukaribishwa. Mama alijua kwamba wakizima ule moto, Baba atakuwa amekufa, awe yu hai au asiwe.

“Na kama iko muzima?” akauliza.

“Umemuona?” Baba mdogo akamwambia. “Muntu mumoja tu aniambie amemuona kwa macho, mi nitanyamaza.”

Sikumpenda yule mtu, lakini nisimwonee. Alipotamka neno la kuzima moto machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Alikuwa akimlilia kaka yake huku jicho moja likiwa kwenye shamba, na watu wa namna hiyo mnawajua, wapo katika kila ukoo.

Kwenye misheni ya kilima cha pili palikuwa na padri mzee aliyependa nyota. Alikuwa na darubini, ambayo sisi tuliiita bomba, na watoto wa katekisimu tuliamini anamhesabia Mungu nyota zake zisije zikapotea. Mama alikuwa akipeleka maharagi jikoni kwa mapadri. Siku ile alinishika mkono, akapita jikoni bila kuweka kikapu, akaenda kumtafuta mzee mwenyewe.

“Padri, ile bomba inaweza kuona bantu ng'ambo?”

Bila shaka mzee alikuwa amesikia habari zetu. Akaileta nje, akaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, akaielekeza kwenye mkwaruzo mwekundu. Mama akainama akaweka jicho. Alikaa hivyo hadi nikachoka, kisha akanisogeza mimi na kusema, “Angalia, macho yako iko mapya.”

Nilichokiona sijakisahau. Ardhi ilikuwa juu na mbingu chini. Wanaume wadogo wadogo walining'inia kwa miguu yao kutoka kwenye udongo, vichwa chini, wakiinua majembe, na kila mmoja alikuwa na ukingo wa rangi, buluu upande huu, wekundu upande ule. Darasani kwetu palikuwa na picha ya toharani, roho zimezungukwa na ndimi za moto wa rangi hizo hizo. Nikaondoa jicho. Nilijua sasa mahali Baba alipo, na niliona afadhali Mama asijue.

Mama naye hakuweza kutofautisha mtu na mtu. Walikuwa vivuli hafifu, wote ni sawa. Padri akamweleza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, na nadhani alieleza vizuri kuliko walimu wengi niliowapata baadaye.

“Bomba hii iko na lensi,” alisema. “Mwangaza unapita ndani ya lensi na unapindwa. Lakini kila rangi inapindwa kwa namna yake, haikutane pamoja na ingine. Njo sababu unaona mistari ya buluu na nyekundu. Bantu hawana rangi ile, ni lensi inaiweka. Na tena lensi hii ni ndogo na ya zamani, mwangaza unaingia kidogo. Kichwa chini, ile haina neno. Kila bomba ya nyota inageuza bantu vile.”

“Na ingine haiko?”

Akacheka kidogo, kama mtu aliyeguswa penye kidonda. Alitupeleka stoo. Juu ya pipa lililojazwa mawe palikuwa na vioo viwili vinene vya duara, kimoja juu ya kingine, vumbi limekaa.

“Nilitaka kutengeneza ya kioo cha kujiangalia. Ile haipitishe mwangaza, inaurudisha. Kioo kikubwa kinakaa chini kabisa mu bomba, kimechimbika kidogo sawa sahani. Kinakusanya mwangaza wote, kinautupa juu. Kule juu kuna kioo kidogo kimelala upande, kinautoa inje kwa tundu la pembeni. Hakuna kupindwa, hakuna mistari ya rangi. Na unaweza kukifanya kikubwa mara tatu. Ile ingekuonyesha muntu.” Akainua mikono yake. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo. “Lakini kioo kinataka kusagwa na mukono, na mikono yangu njo hii.”

“Kusagwa?” Mama akasema. “Mi nasaga tangu nilikuwa mutoto.”

Katika yale yote mimi nilishika jambo moja. Lensi inapitisha, kioo hakipitishi. Nikaelewa, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba bomba la lensi ni dirisha, unachokiona kiko nje na kinabaki nje. Lakini bomba la kioo halina njia ya kutokea upande wa pili. Kinachoingia kinagonga chini na kukaa humo. Likawa kwangu kama chungu cha maji. Nikawaza kwamba likikamilika, Padri atalielekeza ng'ambo, Baba ataingia, na tutakuwa naye.

Basi Mama akaanza. Asubuhi alilima, kisha akavuka bonde letu dogo kwenda misheni, akasaga hadi jua lilipoinama. Kazi yenyewe ni hii: unanyunyiza maji na unga mkali mweusi katikati ya vioo viwili, unasukuma cha juu mbele na nyuma, na cha juu polepole kinachimbika. Lakini unasukuma mara chache tu, kisha unasogea kidogo kuzunguka pipa, na kioo unakigeuza kidogo, unasukuma tena. Unazunguka pipa kutwa nzima. Padri alimwonyesha, akamwona ameshika, akaondoka kwenda kuzungukia vijiji vya mbali.

Alipoondoka, Mama alitazama lile pipa na kuona ni upuuzi. Mwanamke wa kwetu hasagi akiwa amesimama, tena anazungukazunguka kama aliyepoteza sindano. Anasaga amepiga magoti, jiwe likiwa chini mbele yake, anasukuma kwa uzito wa kiwiliwili chote. Ulezi wa nyumba nzima husagwa hivyo, na Mama alisifiwa kwa unga wake hadi Lushebere. Akavishusha vioo, akaviweka juu ya majani ya migomba, akapiga magoti na kusaga kama anavyojua. Kazi ilikwenda mbio. Nilikuwa nikimwagia maji nikiimba nyimbo za Misa, na nilimwona Mama akicheka kwa mara ya kwanza tangu askari waje.

Padri aliporudi alikipima kina cha kioo akashangaa. Kisha akafunga milango ya stoo, akawasha mshumaa, akakisimamisha kioo ukutani na kukichungulia kwa ukingo wa wembe ili aone kama umbo lake ni sawa. Alichungulia tena. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

“Mama Sifa, ulisagia wapi?”

Mama akamwonyesha magoti yake.

Hakumgombeza. Alichukua yai akamwonyesha jinsi lilivyo refu upande mmoja na fupi upande mwingine. Kioo kilikuwa kimechimbika hivyo, kwa sababu kilisukumwa kila siku kutoka upande uleule. Kingemwonyesha kila mtu kama fimbo inayoonekana imepinda majini. Ilipaswa kurudi mwanzo kabisa, kwa unga wa kwanza, na safari hii kuzunguka.

Maharagi shambani yalikuwa yameshatoa maua. Mama alikaa kizingitini pa stoo, na nilifikiri atalia. Alisema tu, “Magoti yangu njo imemuua.” Padri akamwambia asiseme hivyo. Mama akainuka, akarudisha vioo juu ya pipa, akaanza kuzunguka.

Sitaweza kuwaeleza kuzunguka kule. Alizunguka hadi sakafu ya udongo ya stoo ikawa na njia ya duara. Alizunguka na homa. Alizunguka siku za Jumapili baada ya Misa, na Padri akajifanya haoni. Mashamba ya wenzetu yalipaliliwa, letu likashikwa na magugu, na Baba mdogo akawa akisema njiani, watu wasikie, “Mwaka huu kwa kaka yangu batakula bugali ya kioo.” Watu walicheka, na mimi nilikuwa na haya, si kwa ajili ya Baba mdogo bali kwa ajili ya Mama. Ninalisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mtoto anataka mama yake afanane na mama wa wenzake.

Kisha zikaja siku za lami. Padri aliichemsha, akaimwaga juu ya kioo cha chini ikagandia, na Mama akasugulia juu yake kwa unga mwekundu laini hadi kioo cha juu, kilichokuwa na ukungu muda wote, kikaanza kung'aa. Mwisho Padri akachanganya maji yake ya fedha na sukari, akayamwaga juu, na mbele ya macho yetu kile kioo kikageuka kuwa cha kujitazamia. Mama aliinama akajiona, uso mkubwa mno, akarudi nyuma. Maharagi yalikuwa yameshaanza kukauka kwenye miti yake.

Walikipachika kwenye bomba refu la mbao. Tulitoka asubuhi baada ya mvua, hewa imeoshwa. Padri alilielekeza ng'ambo na kumwita Mama aje kwenye tundu la pembeni. Ndipo nikaona ajabu yake, kwamba mtu anayetazama haelekei kule anakotazama. Bomba lilielekea ng'ambo, Mama alielekea ukuta wa kanisa, jicho kwenye tundu, ubavu wake ukiwa upande wa ile barabara.

Alitazama. Padri akasogeza bomba kidogo, Mama akatazama tena.

“Njo ye,” alisema. Ndiye.

“Una hakika?” Padri akauliza.

“Analima na kushoto. Anapiga mara mbili, anajifuta ku paja, anapiga tena. Njo ye, Padri. Iko muzima.” Akakaa chini kwenye majani mabichi na kulia kwa sauti, na Padri mzee akavua kofia yake akaishika tu.

Mimi nilifurahi kwa sababu yangu. Mama alikuwa hatazami ng'ambo, alikuwa akitazama ndani ya bomba. Basi Baba alikuwa ameingia.

Mama alikimbia hadi nyumbani kwa Baba mdogo. Wazee wa ukoo walikusanyika siku ileile, na Koko akaletwa akaketishwa mbele. Mama alisimulia. Koko akaanza kumshukuru Mungu. Hapo Baba mdogo akaingia ndani akatoka na kioo kidogo cha dukani, kile cha kunyolea ndevu.

“Mama Sifa, ile bomba ni ya kioo?”

“Ni ya kioo.”

“Inua mukono wako wa kuume.” Mama akauinua. Akamwekea kioo mbele ya uso. “Huyu mwenye kuwa ndani ameinua mukono gani?”

Mama akaushusha mkono wake. Kila mtu pale alijua, hata mimi nilijua. Mtu wa ndani ya kioo huinua mwingine.

“Basi yule muntu umeona,” Baba mdogo akasema, tena kwa upole, “kama mu kioo analima na kushoto, inje analima na kuume. Ni muntu mwingine. Kaka yangu hakulima na kuume hata siku moja. Mama yangu iko hapa, mumuulize.”

Koko akajifunika uso.

Mama alimkimbilia Padri, na Padri akaja mwenyewe na fimbo yake, akasimama mbele ya wazee. Alisema kwamba kioo kimoja hubadilisha mikono, ni kweli. Lakini ndani ya bomba vioo ni viwili, cha kwanza kinabadilisha na cha pili kinarudisha. Kinachobaki ni kichwa chini tu, na mtu aliyegeuzwa kichwa chini, mkono wake wa kushoto unabaki kuwa wa kushoto. Akamshika mtoto mmoja wa jirani, akampindua miguu juu ili waone. Watoto wakacheka. Wazee walimsikiliza kwa heshima yote.

“Asante, Padri,” Baba mdogo akasema. “Lakini kama kioo cha pili kinarudisha mikono, juu ya nini hakirudishe kichwa?”

Padri alieleza tena, kwa urefu zaidi, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kufungwa. Leo, kwa kuwa nimesoma kidogo, najua kila neno lake lilikuwa kweli. Nilikuwa pale, nikamwona mama yangu akigeuza kichwa kutoka kwa Padri kwenda kwa wazee, kutoka kwa wazee kwenda kwa Padri, na ukweli wake ukizama katikati yao. Mwishowe mzee mmoja akasema maneno ni mengi, afadhali waende wakaone wenyewe. Wote wakakubali, hata Baba mdogo.

Usiku ule ukungu ukashuka. Ulikaa kama unavyojua kukaa kwetu, siku baada ya siku, hata jirani hakumwona jirani. Mama alilala misheni kando ya bomba. Watu walivuna maharagi kwa kupapasa. Ukungu ulipoinuka wazee wakapanda, wakapanga mstari, Padri akaelekeza bomba, na wa kwanza akatazama akasema anaona barabara tu. Wa pili akasema barabara tu. Padri akatazama mwenyewe, akasogeza huku na huku. Kazi ya upande ule ilikuwa imekwisha. Askari walikuwa wamewashusha wafungwa msituni, kuelekea Ntoto, au Buleusa, au Walikale yenyewe, hakuna aliyejua.

Moto wetu ulizimwa wiki ile. Mama aliukumbatia, wenzangu, sizungumzi kwa mafumbo. Alijilaza juu ya mafiga, wakamwinua na nguo zimeungua, na Koko mwenyewe, akilia, akamnyoa huku wanawake wamemshika. Nilimwendea Koko nikamwambia asilie, Baba yuko kwenye bomba la Padri, nilikuwa pale alipoingia. Koko akanitazama kama amesikia mzimu, akanifukuza. Lakini Mama alisikia. Alikaa na kichwa chake kitupu, akanivuta kwenye mapaja yake.

“Sifa, Baba haiko mu bomba. Bomba haiwezi kushika muntu. Inamuonyesha tu.”

“Wewe ulikuwa unaangalia ndani.”

“Njo vile inaonekana. Lakini ye iko inje, mbali. Mi nitamufuata.”

Sikumwamini. Alimwambia Koko kwamba anakwenda Ntoto na ataulizia huko, na atarudi kabla ya kupanda. Karatasi ya njia hakuwa nayo. Koko alimwambia mwenye kunyolewa hasafiri, Mama akasema yeye hajafiwa. Aliniacha misheni asubuhi, mkono wangu ndani ya mkono wa Padri ulioharibika, akaniambia nitazame kwenye bomba jua likiwa juu, kwani atapita pale pale Baba alipokuwa akilima, na akifika atasimama aniinulie mkono.

Nitawaambia mapema ili msikae mkingoja: hawakurudi. Si yeye, si Baba. Nimeulizia kwa watu wa Buleusa na kwa watu wa Walikale hadi wale wa kuulizwa wakaisha. Koko alinilea, shamba likagawanywa, Baba mdogo akaishi hadi uzee na kunitumia maharagi kila msimu.

Lakini siku ile nilisimama kwenye kibao, jicho kwenye tundu, uso kwenye ukuta wa kanisa. Padri aliniwekea barabara katikati. Nilingoja hadi shingo ikaniuma. Kisha akaingia, mdogo, kichwa chini, kile kichwa kilichonyolewa kikiakisi jua, bila ukingo wa rangi wowote, safi kabisa, nikaona hata kitambaa chake kilichoungua. Alisimama. Aligeuka akatazama upande wetu na kuinua mkono, akauweka juu muda mrefu. Na mimi nikainua wangu, ingawa nilikuwa nimeuelekeza ukutani. Nikawaza, sasa ameingia, sasa tunaye, wako wawili.

Akashusha mkono na kuanza kutembea. Alikwenda hadi ukingoni mwa duara, bega lake likakatika, kisha mgongo, kisha mguu wa mwisho. Nikamwambia Padri amrudishe. Akasogeza bomba, kilima kikapita mbele ya jicho langu, majani, udongo, majani. “Amekwenda nyuma ya kilima,” alisema. Nikashuka kwenye kibao, nikazunguka hadi mdomo mkubwa wa bomba, nikaingiza kichwa changu chote ndani na kumwita.